Mfunguo Tano: Hesabu Iliyomtia Hofu Mkunga wa Konde

Saa tatu asubuhi, Mwanawema Nyange anaandika tarehe kwenye simu yake, anasoma jibu, anaifuta, kisha anaiandika upya. Mjamzito aliyeketi mbele yake anamtazama tu.

"Niwie radhi," anamwambia. "Mimi siku hizi nahesabu mara mbili."

Mwanawema, 43, ni mkunga wa kituo kidogo cha afya nje ya Konde, kaskazini mwa Pemba. Kuna siku hupokea wajawazito thelathini. Wengi hukumbuka hedhi yao ya mwisho kwa miezi ya Kiislamu, ilhali kadi ya kliniki inataka tarehe ya miladi. Alipopata simu yenye intaneti aliona ametua mzigo: huandika tarehe pale pa kutafutia, na mtandao wenyewe hupiga hesabu papo hapo, bila kumpeleka kwenye ukurasa wowote.

Mei 2023 alifika Jawaher Qais, aliyerudi kwa mamake kutoka Unguja na kuiacha kadi huko. Alikuwa amezaa mara mbili, zote kwa upasuaji. Uchungu ukimkuta nyumbani, kovu la tumbo la uzazi lingeweza kuchanika. Alisema hedhi yake ilikuwa tarehe tano, Mfunguo Tano. Mwanawema akaandika tano, mwezi wa tano wa Kiislamu. Jibu likaja: mimba ya wiki ishirini na tano.

Alipolipapasa tumbo, lilikuwa kubwa mno kwa wiki hizo. Alidhani ni pacha, lakini alisikia moyo mmoja tu. Foleni ilikuwa ndefu, akamwambia arudi baada ya wiki mbili.

"Mkono wangu ulikataa," anasema, "nikaufuata mtandao."

Hakutulia. Adhuhuri, akitawadha, alianza kuhesabu kwa vidole kama alivyofundishwa na mamake, tangu Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mfunguo Tano ikaangukia Safar, mwezi wa pili wa mwaka wa Kiislamu, si wa tano. Simu ilihesabu sawasawa mwezi usio wenyewe. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini na nane.

Alimpigia Jawaher, simu imezimwa. Akapanda bodaboda hadi kijijini, akamkuta uani ameinama, kashika ukuta. Kiuno kilikuwa kikimuuma tangu alipoteremka gari lililomrudisha kutoka kituoni.

"Si umenambia bado miezi mitatu, Bi Mwanawema?"

"Nimekosea mimi, mwanangu. Twende sasa hivi."

Walikodi gari hadi hospitali. Alifanyiwa upasuaji alasiri ile ile, na daktari alikuta kovu limeshakuwa jembamba, karibu kuchanika. Mtoto wa kike alipolia, Mwanawema alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango.

Jawaher hakumlaumu. Hata hivyo, wiki nzima mkunga huyo alipekua kadi za kituo. Alikuta mbili zenye kosa lile lile, akawafuata wenyewe majumbani. Wote wawili walikuwa wazima, lakini mpaka leo mjamzito akichelewa kliniki, yeye hashiki kazi nyingine vizuri.

Ameomba nafasi ya kusomea kipimo cha ultrasaundi huko Unguja. Majibu hayajaja.

"Nataka nimwone mtoto mwenyewe," anasema. "Tarehe, mama anaweza kuisahau, na mimi naweza kuiandika vibaya. Mtoto hawezi kunificha umri wake."