Maswali Kumi na Manne ya Mama Kuhusu Ndege

Enzi zile tulipokuwa wageni St Marys, kitongoji cha mji mkubwa ng'ambo ya bahari, mtoto akitaka kujua jambo ilimbidi atembee. Simu yetu ilikuwa ya waya, ukutani jikoni, na haikujua lolote zaidi ya kulia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu Elisha tisa, Warundi tuliozaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Mpira wetu tuliusuka kwa mifuko ya plastiki na kamba, na watoto wa mtaa wenye mipira ya dukani walikuja kutuomba wauchezee. Jumamosi nyumba nzima ilinukia sombe, kwa kuwa Mama alikuwa amekwenda mpaka Cabramatta kutafuta majani ya muhogo na kurudi nayo kwenye treni kama mtu aliyebeba dhahabu.

Mama hakuogopa nyoka, wala mbwa, wala barua za serikali. Aliogopa ndege tu. Ile iliyotuleta ilitikisika juu ya bahari hadi kucha zake zikaacha alama mkononi mwangu. Tulipotua akaapa: "Mimi na kitu hiki, basi. Nikifa nizikwe hapa hapa." Tulicheka miaka miwili mizima.

Kisha Bibi akapiga simu kutoka Bujumbura. Macho yake yalikuwa yanafifia. Alimwambia Mama maneno machache tu: "Njoo nikuone, kabla sijabaki kukusikia tu."

Mama alikata simu, akaosha sufuria moja mara mbili. Jumapili kanisa zima likamwombea, na mchungaji akamsihi amtegemee Mungu. "Mungu namwamini, mchungaji," Mama akajibu. "Rubani ndiye simjui."

Jioni ile akanikalisha na daftari. "Andika." Kitu kizito kama kanisa kinakaaje hewani? Mabawa yanatikisika kwa nini, yamelegea? Injini ikizimika je? Wingu likimziba rubani, anaona nini? Na usingizi ukimpata? Tulipofika swali la kumi na nne mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Akafunga daftari na kusema, "Nitafutieni mtu anayejua. Sitaki mtu anayedhani."

Mwalimu wetu alinichorea ndege yenye mishale juu na chini. Mama aliugeuza mchoro ule huku na huku, akasema huyo ni samaki.

Elisha ndiye aliyepata habari, kanisani, akiwa anasikiliza mazungumzo ya wakubwa kama kawaida yake. Tonton Bahati, yaani Mjomba Bahati, Mkongo aliyeendesha folklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja hapo St Marys, alikuwa fundi wa ndege ndogo Bukavu kwa miaka mingi. Hapa vyeti vyake havikukubaliwa. Tulikwenda kwake kwa miguu na daftari letu. Alilisoma lote amesimama mlangoni, halafu akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mumulete mama mwenyewe. Majibu ya mama hayapite kwa batoto."

Jumamosi iliyofuata alitupakia kwenye gari lake kuukuu hadi barabara ya viwandani, ambayo siku hiyo haikuwa na mtu. Akamwambia Mama atoe mkono dirishani, vidole pamoja, kiganja chini. Sheria ya hapa hairuhusu, na leo nisingethubutu.

"Sasa inua mbele kidogo."

Mkono wa Mama ukaruka juu wenyewe. Akapiga yowe.

"Ile njo bawa," Tonton akasema. "Unasukuma hewa chini, nayo inakusukuma juu. Mwendo ukiwepo, ndege inakaa."

Mama aliinua na kushusha mkono mpaka barabara ikaisha. "Rudi tena," akasema. Tulirudi mara nne, kitenge chake kimevimba upepo na Elisha akicheka mpaka kwikwi ikamshika.

Maswali mengine tuliyamaliza nyumbani kwa Tonton, kwa chai yenye tangawizi ya kukereketa koo. Injini ikizimika, alisema, ndege haianguki kama jiwe. Ni baiskeli mteremkoni, hukanyagi pedali lakini bado unakwenda, unashuka pole pole ukitafuta pa kusimama. Bawa limetengenezwa lipinde. Lisilopinda ndilo la kuogopa. Ndani ya wingu rubani anasoma vipimo vyake, na walio chini wanamfuatilia kwa rada na kuongea naye. Tena marubani ni wawili, na mara nyingi hawapewi chakula kimoja, ili kikimdhuru mmoja, mwingine abaki mzima.

Mama akaweka kikombe chini. "Hapo," akasema, "hapo kuna watu wenye akili."

Tonton alicheka, kisha akajifuta mikono kwenye suruali, kana kwamba ina oili. "Tangu nifike hapa," akasema, "hakuna mutu aliniuliza kitu juu ya ndege."

Mama alisafiri. Uwanjani aliyelia ni Elisha. Baba, aliyebaki nasi, alitupikia ugali mbichi siku mbili, hadi simu ikalia. "Nimefika! Nilikaa karibu na bawa. Lilipoanza kucheza, baba mmoja pembeni yangu akawa anatetemeka. Nikamwambia tulia, ndivyo lilivyotengenezwa." Halafu ikaja sauti ya Bibi, nyembamba na yenye furaha: "Mama yenu amenenepa. Nimemwona."

Leo nafanya kazi hospitali, Westmead, na nina mwanangu wa miaka kumi anayesikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Juzi aliiuliza simu yake ndege hugeukaje. Jibu likaja kabla hajamaliza kuuliza, na kabla sijamimina chai alikuwa amelisahau. Sisi jibu moja lilitugharimu wiki nzima, tukarudi nalo pamoja na rafiki wa maisha. Watoto wa sasa wanajua mengi, masikini, na hawajabisha hodi kwa mtu.

Nikamnyang'anya simu, nikamtuma kwa Mama yangu, mitaa miwili kutoka kwetu, nikamwambia akaulize huko. Alirudi baada ya muda wa saa tatu, shati lina madoa ya mawese.

"Umepata jibu?"

"Bado," akasema, kwa Kiswahili, bila hata kujitambua. "Bibi amesema nirudi kesho. Leo tumemaliza mkia wa ndege tu."