Taya la Ng'ombe Shingoni mwa Mwalimu Delphine

Jambo nitakaloliandika hapa hamtaliamini, na sitawalaumu. Nililisimulia hata kule Kasapa, kwa vijana wa chuo kikuu wenye miwani na mikoba, wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Tonton Alexis, mjomba wetu, unatudanganya!" Mimi, niwadanganye! Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, tena mlango wake niliuona kutoka ndani na kutoka nje, kwa hiyo mambo ya shule nayajua pande zote mbili.

Mtu mwenyewe ni Delphine, mtoto wa dada yangu. Babu yetu alishuka kutoka Kabalo akilisha makaa injini ya treni, na ukoo mzima tumerithi sauti ya kusikika juu ya chuma. Delphine peke yake ndiye aliyezaliwa na sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Mfupi, mwembamba, miguu kama vijiti vya kupigia ngoma. Siku aliponiambia anataka kufundisha nilimwambia: "Weye? Batoto batakukalia sawa kiti." Akaenda akafundisha tu. Leo ana darasa la nne katika shule moja ya Wakatoliki, upande wa nyuma wa Makomeno, hapa Lubumbashi, na hajakaliwa. Amefanyiwa mengine mabaya zaidi, lakini kukaliwa, hapana.

Shule hiyo ilikuwa na sheria iliyomzidi Delphine umri. Ukivuka lango, ni Kifaransa tu. Mtoto akiponyokwa na neno la Kiswahili au la nyumbani kwao, anavikwa simbole. Shule nyingine simbole ni kibao. Kwao lilikuwa taya la ng'ombe lenye meno yake yote, limetobolewa na kupitishwa waya wa shaba. Shaba sisi hatukosi. Unalivaa mpaka umkamate mwenzako akikosea, ndipo unamvika yeye. Likilala kwako, kesho yake unawahi kabla ya wote kusafisha vyoo. Na kwa vile shaba na jasho havipatani, aliyelivaa sana anabaki na duara la kijani shingoni, kama mbuzi aliyekatiwa kamba juzi.

Direkta Damien, mkuu wa shule, alilisifu mbele ya wazazi, nje ya lango. "Hii mufupa inafanya kazi ya balimu kumi," alisema, "na hailalamikake." Wazazi wakapiga makofi.

Mwezi wa kumi akaletwa Kahambu. Baba yake, Jérémie, ni mfanyabiashara wa Butembo anayeuza maharage kwa jumla na kuyasafirisha kwa malori. Vita ilimsukuma na familia yake mpaka huku kwetu. Msichana wa miaka kumi, mrefu, masikio makubwa. Kifaransa chake kilitosha kuhesabu tu, Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu, na akiumia alilia kwa Kinande, lugha ya mama yake.

Hilo la mwisho, aliyelitambua kwanza ni Gracia. Kumbukeni jina hilo. Gracia aliimba kwenye kwaya ya watoto na alikuwa na sura ya malaika wa kwenye kalenda. Siku moja taya lilikuwa kwake. Akasogea taratibu kwenye benchi la Kahambu, akatoa kompasi ya kuchorea duara, akamchoma pajani na ile ncha. Kahambu akapiga kelele, akamwita mama yake.

"Madame, elle a parlé!" Gracia akainua mkono. Yaani, amesema.

Sheria ni sheria. Taya likahamia kwa Kahambu.

Tangu hapo darasa zima lilipata njia rahisi. Kwa nini uhangaike kuwinda uwanjani, wakati kuna mtu ukimchoma anatoa neno? Kila aliyevikwa alikwenda moja kwa moja kwa Kahambu, na kompasi, na kalamu yenye ncha, mmoja hata na mwiba. Mama yake alimsugua shingo kila jioni kwa sabuni ya kufulia, ile kijani haikutoka.

Mtoto akajifunza kutolia. Anachomwa, anauma ukosi wa shati, kimya. Lakini aliyejifunza kutolia alijifunza na kutosema. Hata Kifaransa hakutoa tena. Na mtoto asiyesema haombi ruhusa ya kwenda chooni. Siku moja, katikati ya somo la hesabu, maji yakateremka kutoka kwenye benchi lake mpaka kwenye viatu vya aliyekaa mbele yake.

Nani aliyesema neno la kwanza? Malaika wetu, tena kwa Kiswahili, na kwa kucheka hakuna aliyemkamata. "Maji imerudia!"

Ninyi mnaokaa Lubumbashi mnajua furaha ya neno hilo. Kesho yake walipanga foleni mbele ya Kahambu na chupa zao, kama akina mama kwenye bomba. "Robine, nijazie." "Robine, funguka kidogo, kwetu hatuna maji tangu juzi." Robine, yaani bomba, likawa jina lake. Hata watoto wa darasa la pili waliliimba langoni.

Delphine alikuwa wapi? Alikuwepo, na alikosea kama wanavyokosea walimu wote. Alimpigisha Gracia magoti kwenye changarawe mbele ya darasa, akamvika taya yeye mwenyewe kwa siku nzima. Akaja kwangu akijisifu. Saa ile ile anajisifu, Gracia na wenzake walikuwa wamemvizia Kahambu nyuma ya vyoo, wakamjaza vumbi la chaki kinywani. "Sema sasa," walimwambia. "Sema Kifaransa nyeupe." Alirudi nyumbani na midomo kama amekula unga, na taya likiwa shingoni mwake tena.

Ndipo Jérémie alipofika langoni, upande wa nje. Hakupiga kelele, watu wa malori hawapigi kelele na walimu. Alimwambia Delphine: "Mwalimu, mutoto wangu sikumuleta huku akuwe mchezo ya bantu. Hasemi nyumbani, hasemi huku. Nakupa mpaka Pasaka. Kama hajafungua kinywa, nitamutoa. Atakaa ku depo, atashona mifuko ya maharagi pamoja na bamama. Mifuko haimucheki muntu."

"Papa Jérémie, unipe mwaka yote," Delphine alisema.

"Pasaka."

Sasa shikeni viti vyenu. Wiki chache baadaye, saa ya mapumziko, Delphine alimwona Kahambu na taya lake akivuka uwanja kuelekea kwa watoto wa darasa la kwanza. Kulikuwa na mmoja, David, meno ya mbele hana, ameegemea mlango wa darasa anakula andazi lake. Kahambu alimshika mkono kwa upole, kama dada. Akakiweka kidole cha David penye bawaba. Akavuta mlango.

David alimwita mama yake kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Kahambu akavua taya, akamvika, akaunyoosha ule waya ukae vizuri. Alikuwa anatabasamu. Delphine anasema ndiyo mara ya kwanza aliyaona meno ya yule mtoto. Na darasa la nne lote likampokea kwa vifijo. Gracia akamkatia nusu ya mkate wake. "Robine amejua! Kuya, kaa na shiye," akampisha akae nao.

Mimi ningefurahi, nawaambia ukweli. Ningesema, haya, mtoto ameelewa mji. Lakini Delphine aliona jambo jingine. Yule mtoto alikuwa amefaulu. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote wa somo ambalo shule yenyewe ilikuwa inalifundisha tangu lango lifunguliwe.

Delphine alipiga goti mbele ya David, ukucha wa mtoto tayari umekuwa mweusi. "Nyamaza, papa," alimwambia. "Onyesha kidole. Pole, pole."

"Madame a parlé!" Gracia akaruka. "En swahili!"

"Ni kweli," Delphine akasema. Akalivua taya shingoni mwa David, akajivika.

Direkta Damien alimwita ofisini, na wote wawili walisema Kifaransa, mimi nawatafsiria. "Mwalimu, toa hiyo kintu. Unatupatisha haya."

"Ni sheria, Monsieur le Directeur. Mwenye kuvaa hatoe mpaka akamate mwingine."

Alilivaa darasani. Alilivaa sokoni, wauza samaki wakamwuliza kama ni dawa ya kupata bwana. Jumapili alilivaa misani, na padri alipomfikia na hostia alisita kidogo. Asubuhi alisafisha vyoo kabla ya wote, na msidhani watoto walimhurumia! Walikuja mapema kumtazama. Waliomwaga matope makusudi walikuwa wake, wa darasa la nne, na Kahambu alikuwa mmojawapo. "Madame, umesahau pale," Gracia alisema kwa Kifaransa safi, kidole kikielekeza.

Mpaka asubuhi moja, shule yote imejipanga mbele ya bendera, Direkta anahutubia kuhusu heshima, simu yake ikalia. Alikuwa mke wake. Akaipokea kwa kuificha mkononi, lakini mke wake ni mtu wa sauti, na yeye akajisahau: "Apana, mama! Unga iko chini ya kitanda! Chini ya kitanda, nasema!"

Hata bendera ilitulia.

Delphine akatoka kwenye mstari wa walimu. Akavuka uwanja na miguu yake ya vijiti, akasimama mbele ya Direkta, akalivua taya. Damien alianza kutokwa jasho, akalegeza kola bila kujua, shingo ikawa tayari imejiandaa. Na nyuma yao ikaanza sauti, kwanza ndogo, kisha ya shule nzima: "Muvalishe! Muvalishe! Muvalishe!"

Niliwahi kumwuliza kama mkono wake ulitaka kumvika. Akaniambia: "Tonton, ulitaka kupita ya bote."

Lakini aligeuka awatazame waliokuwa wanapiga kelele. Kahambu alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, mkono juu kuliko mikono yote, na lile tabasamu lake la mlangoni. Lile lile. Delphine akaliangalia. Akampita Direkta, akaenda mpaka vyooni, akalitupa taya kwenye shimo. Likasikika likifika chini.

Walimzomea. Ndiyo, walimzomea yeye! Amewanyima sinema yao. Na Direkta, aliyeokolewa shingo yake mbele ya shule nzima, hakumsamehe hata leo. Mfupa mwingine hakutafuta, aliogopa simu. Lakini alimpa Delphine zamu ya vyoo mpaka mwisho wa mwaka, kila mapumziko, asimame pale kwenye harufu. Watoto wakampa jina: Madame Toilette.

Madame Toilette akaweka desturi moja darasani mwake. Ukikwama kwa Kifaransa, malizia kwa lugha uliyo nayo. Atakayekucheka atasimama kando yako, mseme wote wawili jambo lile lile mpaka liishe. Hakuna magoti, hakuna changarawe. Kahambu alipewa kazi yake peke yake: kila asubuhi amfungue David kitambaa cha kidole, akisafishe, akifunge tena. Mara ya kwanza David alijificha chini ya benchi. Ukucha ulidondoka mkononi mwa Kahambu, akaushika pale, hajui auweke wapi.

Gracia alisimama sana siku zile, maana kucheka alikuwa hajakuacha. Siku moja alikwama yeye mwenyewe, kwenye shairi la Kifaransa, machozi yakamtoka, na darasa zima likageuka kumtazama Kahambu, kompasi mezani, likingojea amchome. Kahambu alizishika kingo za benchi. Hakuchoma. Lakini hakusema pia. Tangu taya litupwe, hata kuwinda hakukuwepo tena, na kinywa kikabaki kimefungwa kama mfuko ulioshonwa.

Na Pasaka ikafika mlangoni. Hapa ndipo mtakaposema mjomba wenu mwongo, lakini nilikuwepo, kama sikuwepo basi ni kama nilikuwepo. Jumatatu ya mwisho kabla ya likizo, Jérémie amesimama mlangoni mwa darasa, amekuja kumchukua mtoto, lori linanguruma nje. Delphine anakusanya madaftari ya mtoto. Ndipo Kahambu akapanda juu ya benchi, jamani, akafungua kinywa, na Kifaransa kilichotoka pale kilikuwa cha Brussels kitupu, akamhutubia baba yake, akamhutubia Direkta kupitia dirishani, Gracia akaanguka kifudifudi, Makomeno yote ikatoka barabarani kusikiliza, na ndege iliyokuwa inashuka uwanja wa ndege wa Luano ikasimama kule juu hewani ili isimka—

"Tonton." Delphine alikuwa nyuma ya bega langu, mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi, sijui amesoma tangu wapi. "Ndege gani? Alinyanyua tu mukono. Alisema, 'Madame, niko nalomba kutoka.' Ku Kiswahili, polepole. Gracia akacheka. Kiisha Gracia akasimama pembeni yake, bakairudilia bote babili, Kahambu akaenda ku choo, akarudia, akakaa. Na papa yake akapanda lori, akaenda ku depo yee moya, bila mutoto."