Mbuzi wa Sura ya Tisa

Meee! Kwanza ilikuwa hiyo sauti, ikipanda ngazi za ghorofa anakoishi anti yangu kule Ngara, meee nyingine ikaijibu, halafu kwato zikawa zinateleza kwenye saruji, na mimi nikiwa jikoni na trei ya vikombe nikajua, kabla hata sijaona pembe, kwamba nimejimaliza. Nawasimulia hii aibu kwa sababu wengine wenu mliisikia vibaya, mkaambiwa nilikimbia nikalia. Sikulia. Nilifanya jambo baya zaidi.

Mnaijua riwaya yangu, ile ya Nzisa na Wafula, marafiki wa chanda na pete, enzi ambazo Nairobi ni kinamasi na reli ndiyo inafika, vyura ndio wanaokata tiketi, na garimoshi huona haya likipita mbele ya wasichana (msicheke, mliipenda wenyewe). Sasa, kwenye sura ya tisa Wafula anapeleka mbuzi kwa kina Nzisa, na kikundi chetu cha waandishi, tukinywa chai yetu Westlands, kikaniambia kwamba wapenzi wangu wanapumua lakini mbuzi wangu wamekufa. Ikaniuma. Nikaamua jambo dogo tu: nimwombe Barasa anisaidie nione kwa macho.

Barasa ni rafiki yangu tangu chuo, mtu wa Bungoma, fundi wa kushona suti, na ukimwambia njoo umevaa kama mjenzi wa reli wa zamani haulizi kwa nini, anauliza koti liwe na mifuko mingapi. Nikamwambia aazime mbuzi watatu kwa wachuuzi, awalete kwa anti, nimpige picha mlangoni, nisikilize wanavyolia, kisha awarudishe. Anti angekuwa kwenye maombi ya kina mama wa kanisa.

Nisichokijua ni kwamba maombi yalikuwa yamehamishiwa kwake. Nilipofika nikatumwa jikoni kabla sijatoa udhuru, na simu ya Barasa haipatikani.

Kwa hivyo fikirini: sebule imejaa kina mama wa Ukambani, Biblia mapajani, na mlangoni anasimama kijana mrefu, koti la kaki, kofia ya jua, kamba za mbuzi mkononi. Kwetu hiyo ni ntheo. Mwanamume akileta hao mbuzi na kwenu wakiwapokea, wewe ni mke wa mtu, harusi ya kanisa huja baadaye kama mapambo. (Nalijua hilo, nimeliandika! Lakini nilidhani ntheo bila wazee ni mbuzi tu.)

Vigelegele vikapasuka. Nikitoka jikoni, mama mmoja ameshapokea kamba na anawafunga mbuzi kwenye vyuma vya roshani, katikati ya shuka zilizoanikwa.

"Mwende! Kumbe ulikuwa unatuficha!" anti akasema.

"Anti, hapana, hiyo ni ya kitabu."

"Mbuzi ya kitabu ndiyo inanyea balkoni yangu?"

Wakaangua kicheko. Mama mzee kuliko wote akamgeukia Barasa. "Kijana, wewe ni wa wapi, na unataka nini kwetu?"

Barasa akavua kofia. "Mimi ni wa Bungoma, mama. Nikipata habari, nzuri ama mbaya, huyu ndiye mtu wa kwanza namtafuta. Nimechoka kumtafuta. Nataka nikifika nyumbani nimkute."

Hayo hayakuwa maneno ya sura ya tisa. Ama yalikuwa? Niliipitisha sura nzima kichwani, nikiwa nimesimama pale, na Wafula wangu kote anaongea mambo ya mwezi na vyura, hakuna mahali amechoka. Nikamnong'oneza, "Bara, wacha kuigiza, wataamini."

"Waache waamini," akasema, bila kunong'ona.

Simu za kina mama zilikuwa zinatupiga picha, masikio yangu yanawaka, mbuzi wanalia, sielewi kama niko kwa anti au niko ndani ya kitabu, nikapaza sauti: "Jamani, ni mchezo! Huyu ni beshte yangu, rafiki tu!"

Vigelegele vikakatika. Anti akamtazama Barasa kwa huruma. "Haya, baba. Basi wafungue uwarudishe kwa mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi, anti. Mwende alisema niazime. Nikanunua."

Na mimi, mwandishi wa mapenzi, mtu anayelifanya garimoshi lione haya, kati ya maneno yote ya Kiswahili nikachagua haya: "Kwani ulikosa wa kuazima?"

Mama mmoja akasema "Yesu," polepole, na hakuwa anaomba.

Nimeapa sitamtuma tena mtu ninayempenda akanifanyie majaribio ya mapenzi kwa niaba ya kitabu. Ninayempenda: mnaona linavyotoka kirahisi mbele yenu? Siku ile sijui lilijificha wapi, maana nililitafuta. Barasa akawaaga kina mama mmoja mmoja kwa mkono, akamwomba anti awape mbuzi maji kwa sababu wametembea mbali, akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Sura yako sasa itatoka sawa," kisha akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anayeacha mtoto amelala ndani, mpaka kitasa kikalia.