Sauti ya Wifi Darasani

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafundisha kompyuta chuo kikuu. Kozi yake ndiyo ya kwanza kabisa, ile ya kumfundisha mwanafunzi namna ya kuiagiza mashine kazi. Wanafunzi wamempachika jina la Mama Enta, maana kila sentensi yake huishia "halafu bonyeza Enta." Shangazi zake wanasema ameolewa na mashine na mahari katoa mwenyewe. Yeye hucheka, akambeba mwanangu mgongoni, akaendelea kusahihisha kazi za watu.

Kozi ile ilikuwa mwiba. Darasa moja lina waliozaliwa na kompyuta nyumbani na wengine ambao hawajawahi kugusa kibodi. Akienda pole pole, hawa wanapiga miayo. Akikimbia, wale wanaachwa. Kila mwaka wanaofeli ni wengi kuliko wanaopita. Basi Mkuu wa idara akamwita akamwambia, "Irekebishe muhula huu. Matokeo yakiwa yale yale, mkataba wako ndio basi, kozi nampa mwingine."

Wifi alirudi nyumbani hata chakula hakukitazama. Kazi ile ndiyo roho yake.

Baadaye akapata wazo. Atarekodi masomo yote kwa sauti yake, hatua kwa hatua. Kila mwanafunzi atavaa hedifoni na kufuata kwa mwendo wake, na asiyeelewa atarudia. Alirekodia chumbani kwake, mimi nikiwa sebuleni nambembeleza mtoto. Mara moja nikajisahau nikagonga mlango, nikamsikia akisema, "Nani huyo? Ingia." Mara nyingine mtoto akalia kwa nguvu. Nikamwomba radhi.

"Acha, wifi," akasema. "Nikifuta kila kitu sitamaliza. Watajua tu hii ni nyumba ya watu."

Dawa ikafanya kazi. Mazoezi ya wanafunzi yakaanza kurudi safi, hata ya wale waliokuwa wakilia. Mkuu wa idara alifurahi hadi akamnunulia soda. Lakini wifi hakufurahi. Alianza kuongea kidogo nyumbani, tena kwa kunong'ona. Nikimuuliza, anasema, "Njoo siku moja uone mwenyewe. Mimi sijui nisemeje."

Nikaenda asubuhi moja, mtoto begani.

Chumba kilijaa, lakini kimya chake kilikuwa kile cha nyumba iliyohamwa. Wanafunzi walikaa mistari kwa mistari, hedifoni masikioni, macho kwenye vioo. Kila mtu aliambiwa aende kwa mwendo wake, lakini hakuna aliyetaka kuachwa na jirani, kwa hiyo wote walikuwa wameanza pamoja na hakuna aliyesimamisha. Vidole vilishuka pamoja, vikanyanyuka pamoja. Halafu wote wakafuta herufi moja, wakaiandika upya.

"Hapo nilikosea wakati narekodi," wifi alininong'oneza. "Nikasema nafuta, nikafuta. Na wao wanakosea, wanafuta."

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni. Ghafla vichwa vyote vikageuka vikanitazama mimi. Sikuwa nimegonga, wala mtoto hakuwa ametoa sauti. Walinitazama bila kunitazama, kama mtu anavyotazama ukuta, kisha wakarudi kwenye vioo vyao.

"Nani huyo, ingia," wifi akasema taratibu. "Wamefika pale ulipogonga."

Mezani karibu na mlango kulikuwa na hedifoni isiyo na mtu, ikivuja sauti ndogo. Ilikuwa sauti ya mtoto analia. Mwanangu, aliyekuwa ametulia begani, akainua kichwa akaitafuta sauti yake.

Mkuu wa idara akaingia akitabasamu. "Umeona utulivu huu? Nimeshawaambia wakubwa, kozi iende hivi hivi kila mwaka."

"Na mimi?" wifi akauliza.

"Wewe pumzika, mama. Sauti yako tunayo."

Wifi alikwenda mbele akazima sauti kwenye mashine kubwa inayowapelekea wote masomo. Hakuna aliyevua hedifoni.

"Habari za asubuhi," akasema. Macho yakabaki kwenye vioo. "Iagizeni mashine ichague namba kubwa kati ya mbili. Mambo yake yote mmeshayafanya wiki iliyopita."

Mikono yao ilibaki hewani juu ya kibodi, haishuki, hairudi. Walikuwa wanasubiri. Kijana mmoja wa mbele alichezesha midomo, na iliyotoka ilikuwa lafudhi ya wifi kabisa, na kikohozi chake humo humo: "Usiogope, haikuumi, halafu bonyeza Enta." Hakubonyeza chochote.

Tabasamu la Mkuu likafifia. "Washa, mwalimu. Washa tu."

"Siwashi. Hawajui kitu hawa. Nimewafundisha kunifuata mimi."

"Alama zao ni nzuri! Unataka kujichimbia kaburi?"

"Alama hizo ni zangu," akasema wifi, na mbele yake akayafuta masomo yote, moja baada ya jingine. Nilitaka kumshika mkono. Nilijua anafuta na mshahara wake.

Mkuu alitazama ile mikono iliyokuwa bado hewani, akapangusa uso. "Mtihani ukifika, utajibu wewe," akasema, akatoka.

Tangu hapo wifi akawapanga wanafunzi wawili wawili, anayejua na asiyejua, mmoja anasema na mwenzake anabonyeza, kisha wanabadilishana. Hakuna kusogea mpaka wote wawili waweze kueleza kwa maneno yao. Siku za kwanza walikaa wakitazamana tu, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Kisha yakaanza mabishano. "Wewe, hapo umeiambia nini?" "Nyamaza, nawaza!" Chumba kikawa soko.

Mtihani ulipofika hawakupata zile alama za kung'aa, lakini kwa mara ya kwanza waliopita walizidi waliofeli. Mkuu akausaini mkataba bila kuinua uso.

Wifi alinipa habari hiyo kwa kifupi tu. Alichokaa kunisimulia ni kipindi cha mwisho cha muhula, msichana wa nyuma aliponyanyua mkono akasema, "Mwalimu, hapa sijaelewa."

"Ukamwelekeza?"

"Baadaye," akasema. "Tangu zile hedifoni hakuna mwanafunzi aliyekuwa ameniita. Kwanza niligeuka nyuma, nione anayeitwa ni nani."