Picha ya Baba Katika Koti la Kuazima

Siku niliyovaa shela bado inanijia, mwanangu, na hunijia asubuhi, wakati ukungu wa ziwa haujaondoka na sijui kama nimeamka au ningali naota. Kwanza naona koti. Ni koti la kiume la rangi ya majivu, mikono yake mirefu kupita mikono ya aliyelivaa. Kisha namwona baba yangu ndani yake.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulikaa hapa ukanionyesha katika simu wapiga picha wanne, ukaniuliza nani kati yao akupige siku ya harusi yako. Mmoja ana kamera inayoruka juu ya vichwa vya watu. Nilicheka, nikasema nitakujibu. Jibu lenyewe ni refu, basi vumilia, kwani mzee akianza kusimulia hana breki.

Enzi zile zilikuwa za uasi, na barabara zilikuwa na wenyewe. Mimi niliishi hapa Goma kwa shangazi yangu, nikiuza vitenge pamoja naye. Baba na mama walibaki Kiwanja, huko Rutshuru. Mama alikuwa kitandani, miguu imevimba, hawezi hata kuketi ndani ya gari. Magari ya kupanda Rutshuru yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na wa mwisho uliondoka mjini saa nane mchana. Aliyeukosa alilala Goma, na aliyelala Goma hakujua nyumba yake ataikuta vipi.

Nilipokubaliana na Paluku tuoane, baba alinitumia ujumbe kwa mdomo wa dereva. Atashuka asubuhi ya harusi na kurudi siku ileile, kwa sababu jirani amekubali kumwangalia mama siku moja tu. Aliomba picha moja, yeye akisimama katikati yangu na Paluku, ili ikishasafishwa apelekewe mama aone kwa macho yake kwamba mtoto wake ameolewa. Hakuomba kitu kingine.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Mtaani kwetu alikuwepo Muzee Kambale, mpiga picha wa siku nyingi. Watoto wote wa parokia aliwapiga komunyo ya kwanza, na sisi wengine alitupiga picha za kadi. Kamera yake ilikaa katika mfuko wa ngozi ulioshonwa kwa uzi wa nyavu, na viatu vyake vilikuwa vyeusi kwa vumbi la mawe yetu haya. Shangazi alisema tumchukue yeye. Nikamjibu, kwa mdomo wangu huu huu unaokushauri leo, "Muzee na viatu vile? Batu batanicheka, shangazi."

Nilimtaka Fiston. Mwanangu, kila msichana wa Goma alimtaka Fiston. Alikuwa na studio katikati ya mji, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na ndege inayopaa. Alivaa kizibao chenye mifuko kumi, na alipokupiga alikuambia ufumbe macho kwanza, uwaze jambo tamu, kisha ufumbue. Wenyewe wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha mchana kweupe, na nikaona nimefanya jambo la akili.

Misa iliisha saa tano. Baba alikuwa amefika, amesimama nje ya kanisa na lile koti aliloazima kwa mwalimu wa Kiwanja, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Nilimkumbatia haraka, maana Fiston alikuwa ameshafungua mlango wa gari. "Papa, tunarudi sasa hivi," nikamwambia. Baba akaitikia kwa kichwa, akapanda gari la shangazi kwenda nyumbani.

Tulianza studio, mbele ya maporomoko yale ya rangi. Kutoka hapo tulishuka mtaa wa Himbi, katika bustani ya nyumba kubwa inayogusa ziwa. Maji yalikuwa yametulia, ukungu mweupe umelala juu yake, na upande wa pili hauonekani kabisa. Fiston alinisimamisha juu ya jiwe, akatandaza shela langu, akasema tungoje ukungu upande kidogo. Tukangoja. Naomba usinicheke, mwanangu, lakini saa zile zilikuwa tamu. Nilisahau vita, nilisahau vitenge, nikajiona sina ukoo wala kijiji, nimezaliwa asubuhi ile juu ya lile jiwe. Paluku ndiye aliyekumbuka.

"Foto ya Papa tunapiga saa ngapi?" akauliza.

Fiston hakutoa hata jicho kwenye kamera. "Famille haikimbie. Mwanga njo inakimbia."

Nikaona amesema neno la hekima, kwamba jamaa watangoja lakini mwanga hautangoja. Nikafumba macho tena.

Tulirudi kwa shangazi saa tisa. Ngoma zilikuwa zinalia, watu wanakula, na shangazi alikuja kunipokea bila kupiga vigelegele. Alinivuta pembeni. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango tangu saa sita, akitazama njia. Walimletea wali na sambaza, wale dagaa wa ziwani, akakataa, akisema mafuta yasije yakadondokea koti la watu kabla ya picha. Walimletea soda, akainywa akiwa ameinama mbele. Saa nane kasorobo dereva alipiga honi mara tatu. Baba akavua koti, akalikunja, akaliweka kwapani, akaenda na njaa yake.

"Alisema niko mbaya?" nikauliza.

"Hakusema kitu," shangazi akajibu. "Ingekuwa heri angesema."

Nililia kidogo, wakanipaka poda upya, nikarudi kwa wageni nikicheza. Ujana ndivyo ulivyo. Nilijiambia nitapanda Kiwanja siku nyingine na mpiga picha, mambo yatatengenea. Siku hiyo nyingine haikufika, kwani barabara ilifungwa kwa mapigano, na Fiston alikuwa anatuahidi wiki kwa wiki kwamba picha zetu ziko njiani.

Ndipo mlima wa moto ulio juu ya mji wetu ukapasuka. Hayo umeyasikia kwa kila mtu wa umri wangu, sitayarefusha. Nilibeba godoro, Paluku akabeba sufuria na cherehani, tukavuka mpaka kwenda Gisenyi pamoja na mji mzima, majivu yakituangukia kimya kimya mabegani. Tuliporudi, mtaa wa studio ya Fiston haukuwepo. Palikuwa na mawe meusi yanayotoa mvuke, na watu wakitembea juu yake polepole, wakinyoosha vidole, hapa palikuwa duka la fulani, hapa palikuwa mlango wetu. Filamu zote za harusi yangu ziliungua. Hata uso wangu wenyewe wa siku ile sina.

Barabara ilipofunguka nikapanda Kiwanja. Njia nzima nilipanga maneno, kwa maana nilijua mama ataniuliza, na nilidhani ameshaambiwa kwamba hakuna kitu. Nilimkuta amelala karibu na dirisha, amekonda, macho yake makubwa. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hatukuwa tumemaliza salamu.

"Na foto iko wapi?" mama akauliza. "Niko naingoja ile yenye Papa yako ameko katikati."

Nilimtazama baba. Baba alitazama chini.

"Aliniambia yote," mama akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesimulia ndoto aliyoipenda. "Alisimama katikati. Weye ulimushika mukono huu, Paluku ule mwingine. Koti ilimukaa muzuri. Ulikuwa unacheka, na nyuma yenu kulikuwa maua, na ziwa. Kila siku namuuliza, ananiambia tena. Kila siku naiona."

Basi mwanangu, baba yangu ambaye hakuwahi kudanganya hata juu ya uzito wa gunia la maharage, alikuwa amempigia mama picha kwa mdomo. Siku baada ya siku, kando ya kitanda kile, aliipiga upya. Aliniweka mkononi mwake mahali ambapo sikuwepo. Alinichekesha. Na ziwa alilitia humo bila kuliona, maana siku ile ziwa nililiona mimi.

Ningesema ukweli ningemvunja mama na ningemvua baba nguo. Nikasema, "Mama, foto iliungua. Volkano ilikula studio yote."

Kila neno lilikuwa la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Watu wa Goma walilia kwa ajili ya moto ule, walipoteza nyumba na maduka na watu wao. Mimi nilijificha nyuma yake. Nilishukuru, Mungu anisamehe, kwamba umepita pale ulipopita. Aibu ile bado ninayo, na leo ndiyo mara ya kwanza naitoa mdomoni.

Mama alinipapasa kichwa. "Haizuru, mutoto yangu. Miye nilishaiona."

Nilimfuata baba nyuma ya nyumba, nikamkuta anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti. Aliendelea kupukuchua mpaka hindi likaisha.

"Ningemuambia nini mama yako?" akasema. "Kwamba nilienda na koti, nikarudi na koti?"

"Papa, unisamehe. Fotografe njo alituchelewesha."

"Ule hanijue. Weye unanijua." Akachukua hindi lingine. "Sikukasirika juu ya foto, Masika. Nilikasirika juu haukuniuliza narudi saa ngapi. Ulisema tu, sasa hivi."

Hakurudia tena maneno hayo maisha yake yote. Hakuwa na haja, kwani mimi mwenyewe nayarudia.

Mama alifariki kabla ya mavuno ya maharage. Baadaye kidogo, binti wa jirani yetu Goma aliolewa, na mpiga picha alikuwa Muzee Kambale na viatu vyake. Nikaona jinsi alivyofanya kazi. Aliingia uani watu bado wako kanisani na akina mama wanapepea moto, akaita kwa sauti, "Nani anatoka mbali? Nani anarudi leo?" Wakajitokeza bibi wawili wa Masisi na mjomba mmoja wa Kanyabayonga. Akawaketisha kwenye benchi zuri kuliko yote, akaagiza wapewe chakula kabla ya wageni wakubwa. Bwana na bibi harusi waliposhuka garini tu, jasho usoni, shela limekaa upande, akawapeleka kwenye lile benchi. "Hawa kwanza," akasema. "Sisi wengine tutaonana na kesho." Niliingia jikoni kwa watu nikalia mpaka wakadhani ni moshi.

Miaka ikaenda, uasi mwingine ukaja, na baba akakimbia Kiwanja kwa miguu, akafikia kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, nje kidogo ya Goma. Alikataa kuhamia kwangu, akisema anataka kuwa karibu na watu wa kwao. Nikamchukua Muzee Kambale, wakati huo naye amezeeka, tukapanda hadi kwenye kile kibanda cha turubai. Nilikuwa nimemnunulia baba koti jipya. Alilishika, akalisifu kitambaa chake, akalirudisha mikononi mwangu.

"Yangu ilishapigwa," akasema. "Mama yako aliiona."

Muzee Kambale alielewa kabla yangu. Alirudisha kamera mfukoni, hakumwibia picha hata moja, akaketi naye juu ya jiwe wakazungumza habari za mbegu za maharage mpaka mvua ilipotufukuza. Baba alifariki kambini mwaka uleule. Umewahi kuniuliza kwa nini ukuta wa sebule yangu una sura za kila mtu isipokuwa babu yako. Sasa unajua.

Kwa hiyo nakushauri hivi, mwanangu. Wale wanne katika simu yako, usiwaulize wamepiga maharusi wangapi wazuri, kwani uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Waombe wakuonyeshe wazee waliowapiga. Tazama kama bibi kizee katika picha zao ana sura na jina, au ni kivuli nyuma ya keki. Waambie fulani anatoka Butembo, fulani anatoka Masisi, uone nani kati yao anaandika na nani anapiga miayo. Atakayekutaka utoke kwenye harusi yako mwenyewe ukakae saa tatu ufukweni, mwambie ziwa halihami. Na picha zikitoka, zigawe, nyingine zikae huku na nyingine ziende kwa wakwe, maana mlima huu si shemeji yetu, hautuonei haya.

Lakini usije ukamwachia mpiga picha kazi iliyo yako. Fiston simlaumu tena. Yeye alitafuta mwanga, na mwanga aliupata. Baba alikuwa wangu. Kabla hujachagua kamera, kaa chini na huyo mchumba wako, mhesabu wanaowapenda, na kila mmoja mumpigie simu mumuulize anarudi saa ngapi. Huyo mwenye haraka kuliko wote ndiye harusi yako ianzie kwake.

Haya, inuka nikubariki. Mungu akupe mume wa kukukumbusha unaposahau, na moyo wa kumsikiliza anapokukumbusha. Akupe watoto watakaokuuliza habari zako ungali hai. Siku yako itakapofika, barabara zote za kuja kwako ziwe wazi, na atakayekuja kukuona asilazimike kutazama saa. Amina.