Barua ya Surua

Kila mwezi barua ya maagizo ya afya ilitoka Eldoret kuja zahanati yetu kule Soy. Ilikuja kwa jina la nesi mwenzangu, kwa sababu yeye ndiye aliyepelekwa semina, ingawa mimi nilimtangulia kazini. Alikuwa akitusomea amesimama wima, kama anasoma injili. Nilimwonea wivu.

Alipoenda likizo, barua ilifika nikaifungua mwenyewe. Chini ya maagizo ya chanjo, wakubwa walimshukuru kwa kuripoti surua mapema. Surua ile niliigundua mimi! Nikakimbilia kabati kutafuta nakala ya ripoti yake, nimshtaki nayo. Alikuwa ameandika: “Mwenzangu ndiye aliyeiona kwanza.”

Siku hiyo nilimchukia zaidi. Hata kosa la kumlaumia alikuwa ameninyima.