Wenye Dola ya Nkambo

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu dola ya feza ya zamani ya Amerika, yenye kichwa cha mwanamke aliyeachia nywele. Wanaozikusanya hutaka kwanza majina ya wote waliowahi kuwa nazo. Mimi, nisiyevuka hata ua wa lupango langu, niliendelea kumenya mihogo.

Nilipokuwa mtoto, Nkambo yangu, mama yake mama, alivaa moja kama hiyo shingoni. Treni ya Kabalo iliyotuletea feza ilikuwa haiji tena, na dada yangu alikuwa anaolewa bila bangili. Mchana ule fundi wa feza aliwasha makaa uani, ili dola ile iwe bangili. Kulinuka moshi na dagaa.

"Taja wenyewe wote wa dola hii," Nkambo aliniambia, "nayo itabaki kwako. Ukikosea, inayeyushwa."

Nilitaja yeye, mama yake, shangazi wa Moba, na mchuuzi wa Ujiji. Nikamalizia na yule mwanamke wa kwenye dola. Nilidhani ni mkubwa wetu wa kwanza, ameachia nywele kwa msiba.

"Huyu njo nkambo wako?" fundi aliuliza. "Basi ile pua yake uliiacha wapi?"

Walicheka wote, hata Nkambo, na dola ikaingia motoni. Sikulia. Niliutazama tu ule uso ukilainika, nikawaza ni nani atakayewaambia watoto wa mwanamke yule.